Bendera Tuzichore, Lakini Lugha Isivalishwe Bendera

Leo tuna swali moja: Kiswahili kina bendera gani?

Usiwe na haraka ya kujibu. Ukisema Tanzania, Mkenya wa Busia atakuuliza, kwani yeye anaongea nini? Ukisema Kenya, mtu wa Bukavu au Lubumbashi atacheka, maana katiba ya Kongo inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Na Uganda nayo, ambako wengi wetu tunaishi, Baraza la Mawaziri lilikikubali kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022. Lugha ni moja, bendera tayari nne, na Bujumbura bado hatujafika.

Sasa fungua programu nyingi za simu na tableti, zikiwemo baadhi ya zile tunazowekewa mbele tujaze fomu. Kiswahili kimepewa kabendera ka nchi moja, na ni lazima ukabonyeze ndipo usome. Hilo ndilo tunalotaka kulisemea leo. Na ili mtu asiseme vijana hawa wanalalamikia kazi wasiyoijua, tuanze na kazi yenyewe.

Bendera ni somo zuri

Katika masomo yetu ya kompyuta tunatumia QML. Ni lugha ya kuundia sura ya programu: vitufe, maandishi, picha, na jinsi vitu vinavyojipanga kwenye kioo. Imo ndani ya Qt, zana zilizozaliwa Norway miaka ya 1990, na QML yenyewe ilitoka pamoja na toleo la Qt 4.7 mwaka 2010. Unaipata bure kwa leseni ya programu huria, na ukishaiweka kwenye kompyuta haikudai bando. Kwa vijana wanaohesabu shilingi kabla ya kununua data, hilo si jambo dogo.

Uzuri wa QML ni kwamba huiamrishi mashine hatua kwa hatua, ati chora hapa halafu sogea pale. Unaieleza tu kitu kilivyo: kuna mstatili, upana wake huu, rangi yake hii. Kwa hiyo bendera inamfaa sana anayeanza. Tazama mistari sita ya Uganda, bendera iliyopandishwa tarehe 9 Oktoba 1962:

import QtQuick
Column {
  Repeater {
    model: ["black", "yellow", "red", "black", "yellow", "red"]
    Rectangle { width: 360; height: 40; color: modelData }
  }
}

Basi, ni hivyo tu. Column inapanga vitu kutoka juu kwenda chini. Repeater inachukua orodha ya rangi na kurudia mstatili mmoja mara sita. Mistari sita ya 40 inatoa kimo cha 240, na kwa upana wa 360 umepata uwiano wa 2 kwa 3, sawasawa na bendera halisi. Linabaki duara jeupe la katikati. Hapo wengi hushangaa, kwa sababu duara tunalipata kwa Rectangle ileile: weka upana na kimo viwe sawa, kisha radius iwe nusu ya upana. Korongo mwenye taji ndiye tunayemwekea picha, maana manyoya yale hayachoreki kwa mistatili.

Ya Kenya inafundisha hesabu. Nyeusi, nyekundu na kijani zina kimo sawa, na kati yake kuna mistari miwili myembamba myeupe. Uwiano ni 6, 1, 6, 1, 6, jumla 20. Gawanya 240 kwa 20 upate 12. Kwa hiyo mistari mipana ni 72 na ile myeupe ni 12. Ukishamaliza, utaona kwamba umekaribia kuchora Sudan Kusini pia: rangi zilezile kwa mpangilio uleule, ila bendera yao ni ndefu zaidi, na upande wa mlingoti kuna pembetatu ya buluu yenye nyota. Pembetatu hiyo inakupeleka kwenye Shape au Canvas. Ya Kongo, yenye mstari mwekundu unaokatiza kona kwa kona, inakufundisha rotation, na pia clip, ili mstari ulioinamishwa usitokeze nje ya bendera.

Katika siku mbili za masomo, mtu ambaye hajawahi kuandika mstari mmoja wa msimbo anakuwa na kitu cha kuonyesha nyumbani. Hatusemi bendera zifutwe kwenye kompyuta. Tunazichora na tunazipenda kama zoezi.

Tatizo linaanza bendera inapokuwa mlango wa lugha

Ukichora bendera kwa mikono yako unagundua jambo: hakuna rangi iliyowekwa bure. Mistari myeupe ya Kenya ni amani. Mguu wa korongo wa Uganda umeinuliwa kuonyesha nchi inasonga mbele. Buluu ya Sudan Kusini ni maji ya Mto Nile. Bendera ni sahihi ya dola, ni serikali inayojitangaza yenyewe.

Lugha haina sahihi hiyo. Rwanda ilibadilisha bendera mwaka 2001, lakini Kinyarwanda hakikubadilika hata neno moja. Kongo ilipandisha bendera ya kijani ya Zaire mwaka 1971, ikaiacha mwaka 1997, ikachukua hii ya sasa mwaka 2006. Mama wa Uvira alipitia bendera zote hizo huku akiwaimbia watoto wake kwa Kiswahili kilekile.

Na huku kwetu mpakani hatuhitaji hata kwenda mbali. Wasamia wapo Busia ya Kenya na wapo Busia ya Uganda. Wateso wapo Tororo, na ukivuka Malaba unawakuta Wateso tena. Mpaka wenyewe umehamahama: kabla ya 1902, sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ya leo ilihesabiwa kuwa Uganda. Bibi yake mtu angeweza kulala Uganda na kuamka katika himaya nyingine bila kutoka kitandani, akamsalimia jirani yake asubuhi kwa lugha ileile. Sasa utampa Kisamia bendera ipi?

Mtu atasema, haya ni mambo madogo, ni picha tu. Kwa mtalii, ndiyo. Kwa mkimbizi, hapana.

Fikiria mwanzo wa 2008. Baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya Wakenya walivuka kuingia Uganda kupitia Busia na Malaba. Wengi walipokelewa Mulanda, humuhumu wilayani Tororo, kabla ya kupelekwa Kiryandongo. Mtu amefika juzi, nyumba imechomwa, hajui ndugu zake wako wapi. Mpe leo tableti, umwambie: ukitaka Kiswahili, bonyeza bendera ya Kenya. Huenda akabonyeza bila neno. Huenda pia mkono ukasita. Programu haina njia ya kujua kwamba mkono ulisita, na anayehudumia foleni ya watu mia hana nafasi ya kuona.

Au chukua Kirundi. Aliyekimbia Burundi anaombwa aguse bendera ya dola aliyoikimbia, ndipo asomewe haki zake kwa lugha ya mama yake. Au Kitigrinya, kinachozungumzwa Eritrea na pia jimbo la Tigray nchini Ethiopia. Baada ya vita vya 2020 hadi 2022, utamwekea Mtigray bendera ipi bila kumchoma? Na Sudan Kusini je? Bendera moja itasimamia Kidinka, Kinuer, Kibari na Kiarabu cha Juba kwa pamoja?

Wapo wanaokwepa. Tumeliona hili kwa wenzetu na tunalisema bila kutaja ofisi ya mtu: kijana anaona bendera, hataki ionekane na aliye nyuma yake kwenye foleni, anachagua Kiingereza. Halafu anaulizwa kwa Kiingereza kuhusu dawa anazotumia, au mtoto aliyepotea njiani. Anajibu ndiyo kwa sababu ndiyo inamaliza maswali. Jibu hilo linaingia kwenye faili lake, na faili linamfuata miaka. Hapo picha ndogo imegeuka kuwa jambo kubwa.

"Lakini bendera inamsaidia asiyejua kusoma"

Hoja hii tunaisikia mara nyingi kutoka kwa wenzetu wa mashirika, na tunaiheshimu kwa sababu inatoka kwenye nia njema. Ila tuifuate mpaka mwisho. Asiyejua kusoma akishabonyeza bendera, anakutana na nini? Ukurasa mzima wa maandishi! Bendera imemfungulia mlango wa chumba chenye giza. Anachohitaji ni sauti. Weka kitufe kinachosema kwa sauti, "Kiswahili, bonyeza hapa." Hata kwenye QML jambo hilo lipo: Qt ina moduli ya kucheza sauti, na kitufe kinaweza kucheza faili lililorekodiwa na mzungumzaji mwenyewe.

Kwa anayesoma, dawa ni rahisi zaidi. Andika jina la lugha kwa lugha yenyewe: Kiswahili, Ikirundi, Ikinyarwanda, Soomaali, Français. Kiarabu kiandikwe kwa herufi za Kiarabu, Kitigrinya kwa herufi zake. Mtu hulitambua jina la lugha yake haraka kuliko bendera, na hakuna anayeombwa kuapa utii kwa serikali yoyote.

Na kwa wale wanaopenda mambo ya ndani: kompyuta zenyewe zilishatenganisha haya zamani. Kuna orodha moja ya kimataifa ya alama za nchi, ambamo Kenya ni KE, Uganda ni UG, Kongo ni CD. Kuna orodha nyingine ya alama za lugha, ambamo Kiswahili ni sw. Hata bendera unazotuma kwenye meseji zimejengwa kwa herufi mbili za nchi, hazina habari na lugha. Mashine inajua tofauti. Anayeichanganya ni mtu aliyekaa kuunda ukurasa bila kutuuliza.

Bendera ikae mahali pake

Mahali pake papo. Nenda kwa wabadilisha pesa wa Busia. Kenya ina shilingi, Uganda ina shilingi, na ukikosea ipi ni ipi umeumia. Kwenye programu ya kubadilisha fedha, bendera pembeni ya kila kiasi inaokoa mtu, kwa sababu sarafu kweli ni mali ya dola. Vilevile namba za simu za +254 na +256, au maelezo ya karatasi zinazotakiwa kila upande pale kwenye kituo cha pamoja cha mpakani. Hayo ni mambo ya serikali, na bendera inayasema kwa usahihi.

Kanuni yetu ni fupi: kitu kikiwa cha dola, weka bendera; kikiwa cha mtu, weka jina lake.

Tunachoomba

Wenzetu wa mashirika, kabla programu haijaletwa kambini au mtaani, tuonyesheni ukurasa ule wa kwanza. Tupeni nusu saa. Vijana wa Busia na Tororo wanaozungumza lugha tatu au nne kila mmoja hawakosekani, na kubadilisha orodha ya lugha si kazi ya kuomba bajeti mpya. Ni mistari michache ya msimbo, na sasa mmeona hata sisi tunaijua. Na mkifadhili mafunzo ya kompyuta, msiishie kutufundisha kuandika barua ya kuomba kazi. Tufundisheni kuunda kurasa ambazo sisi wenyewe ndio tunaozitumia.

Dada na kaka zetu, mwenye kompyuta amwite asiye nayo. Anzeni na mistari sita ya Uganda, nendeni Kenya, kisha mjaribu ya kwenu hata kama ina nyota na pembetatu. Anayetaka kuchora bendera ya alikotoka achore, asiyetaka asilazimishwe, na asiulizwe kwa nini.

Kwa huyo wa pili ipo bendera nyingine. Mwaka 2016, timu ya kwanza ya wakimbizi ilipokwenda Olimpiki ya Rio ikiwa na wanamichezo kumi, watano kati yao wakiwa wakimbiaji wa Sudan Kusini kutoka Kakuma, iliandamana nyuma ya bendera ya Olimpiki. Mwaka huohuo msanii Yara Said, mkimbizi kutoka Syria, alibuni bendera kwa ajili ya wakimbizi: rangi ya chungwa yenye mstari mmoja mweusi, kama jaketi la kuokolea maisha baharini. Haina nchi wala lugha. Kwa QML ni Rectangle moja ndani ya nyingine, na hata aliyefungua kompyuta leo kwa mara ya kwanza ataimaliza kabla ya stima kukatika.