JIKO LA KAURI UANI, MOSHI KWA MAMA





Siku ya pili ya Idd-ul-Adh'ha iliyopita tulialikwa, sisi tunaoandika kurasa hizi, nyumbani kwa ndugu yetu mmoja hapa Kampala. Hatutamtaja, kwani si mtu mbaya, na kosa tunalotaka kulisema limo katika nyumba nyingi, zetu zikiwemo. Uani tulikuta wanaume wamelizunguka jiko jipya la kuchomea nyama, zito, la kauri, lenye umbo la yai na kifuniko cha bawaba. Lilikuja ndani ya kontena kutoka Marekani. Tuliambiwa wanaume wanne walilishusha kwenye gari, na mmoja wao kiuno kilimuuma wiki nzima. Mwenye nyumba alitueleza kila tundu la hewa na kila skrubu. Nyama ilikuwa laini mno, lazima tuseme kweli.

Kisha mmoja wetu akaingia ndani kuomba maji ya udhu. Akamkuta mama wa nyumba na mabinti wawili katika chumba kisicho na dirisha, wanapika pilau na matoke juu ya sigiri mbili za bati tupu. Moshi umetanda, kuta nyeusi, macho mekundu, na mtoto mchanga yuko mgongoni anakohoa. Aliporudi alitunong'oneza aliyoyaona. Tukaguna, tukasema "subhanallah", halafu tukaendelea kula.

Hilo ndilo linalotuuma, na ndiyo sababu ya makala haya.

UGOMVI WETU SI NA JIKO

Wapo watakaofikiri tunataka kusema jiko hili ni haramu au ni kuiga wasio Waislamu. Hatusemi hivyo. Kuchoma nyama ni halali, na chombo ni chombo. Isitoshe, asili ya jiko hili haiko Marekani. Neno "kamado" ni la Kijapani na maana yake ni jiko. Baada ya Vita Kuu ya Pili wanajeshi wa Kimarekani waliokuwa Japani waliyapenda majiko hayo ya udongo, wakarudi nayo kwao. Mwaka 1974 Ed Fisher alifungua duka mjini Atlanta, akaanza kuyauza, na hapo ndipo ilipozaliwa kampuni ya Big Green Egg. Baadaye udongo wa kawaida, uliokuwa ukipasuka, ukaachwa na kauri imara ikachukua nafasi yake.

Wala hatukatai kuwa ni jiko zuri. Ukuta wake mnene hushika joto kwa saa nyingi. Lina tundu la hewa chini na jingine juu. Ukizipunguza zote mbili moto hupoa, ukizifungua hupanda, na ukizifunga kabisa moto huzimika na mkaa uliobaki hutumika siku nyingine. Kwa hiyo anayesema jiko hili halili mkaa mwingi anasema kweli.

Lakini tazama uzito na bei. Lile lenye wavu wa kuchomea wa sentimita 46 hivi lina uzito wa takriban kilo 70, na huko Marekani huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Hapo hujalipa meli, ushuru, gari na wabebaji. Fedha hizo, kabla hata kontena halijafungwa, zinapita shilingi milioni tatu za Uganda. Na litawashwa mara ngapi? Idd mbili, harusi moja, na Jumapili chache anapokuja mgeni wa kuonyeshwa. Sigiri ya mama huwashwa kila siku inayokuja kwa Mungu, asubuhi, mchana na jioni.

ELIMU ILE ILE, JIKONI HAIKUFIKA

Jambo la kusikitisha zaidi ni kuwa elimu iliyomo katika jiko lile la uani ndiyo ile ile inayokosekana ndani ya nyumba. Ukuta wa udongo wa kushika joto na tundu la kupima hewa havihitaji kontena. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafundi na wataalamu nchini Kenya walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, wakatengeneza jiko la bati lenye kauri ndani na kijimlango cha hewa chini. Aina zake zimeenea Uganda, Tanzania, Rwanda na kwingineko. Wengine huliita sigiri, wengine mbabula, wengine jiko tu. Likitengenezwa vizuri hupunguza mkaa kwa theluthi moja au zaidi kuliko jiko la bati tupu, na bei yake ni ya kuku wachache tu.

Baba anayeweza kuwaeleza wageni kwa nusu saa namna hewa inavyopita ndani ya jiko lake la kauri, amekosa vipi kuiona hewa isiyopita katika chumba anachopikia mkewe?

Na moshi si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu itokanayo na mapishi ya nyumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, zaidi ya 237,000 vikiwa vya watoto walio chini ya miaka mitano. Moshi huo unahusishwa na nimonia kwa watoto, na kwa wakubwa magonjwa ya moyo, kiharusi, mapafu sugu na saratani ya mapafu. Wanaoumia zaidi ni wanaokaa karibu na moto, yaani mama, binti, na mtoto aliye mgongoni. Yule mtoto tuliyemsikia akikohoa hakuwa na "mafua ya Idd" kama tulivyojifariji.

WATATUAMBIA

Watatuambia: "Hii ni mali yangu ya halali, ninaitumia nipendavyo." Tunajibu: mali ni amana, na matumizi ya mke na watoto ni wajibu wa mume kabla ya starehe yake. Hewa ya kuvuta ni sehemu ya matumizi hayo. Haiwezekani chakula kiwe haki ya mke lakini pumzi ya kukipikia iwe hisani.

Watatuambia: "Wanawake wetu wamezoea moshi, mama zetu walipika hivyo." Tunajibu: kifua hakizoei moshi, kinauvumilia mpaka siku kinaposhindwa. Ni wangapi kati yetu waliozika mama zao waliokohoa miaka kumi, tukasema ni uzee? Na imepokewa kwa bibi Aisha (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alipokuwa nyumbani alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake. Basi anayedai kufuata sunna aingie jikoni akae robo saa mlango umefungwa, kisha aje tuzungumze mazoea.

Watatuambia: "Lakini sasa wanaume tunapika, si mlitaka tusaidie?" Alhamdulillah, tunafurahi. Lakini tuhesabu sawasawa. Uani baba aligeuza nyama huku akipongezwa. Kuiosha, kuikata, kuilowesha kwa tangawizi na ndimu, kupika pilau, kuosha sahani za watu thelathini, hayo yote yalifanywa ndani ya moshi na wasiopongezwa.

Watatuambia mwisho: "Nilinunua kwa awamu, sikuumia." Hapa tunasema kwa ukali zaidi. Ukikopa kwa riba ili uchome nyama, umeingiza nyumbani dhambi usiyoihitaji na deni litakaloliwa katika ada za watoto. Mwenye dharura ya matibabu tunamhurumia. Mwenye dharura ya jiko la uani, dharura yake ni macho ya majirani.

KAMA UMEKWISHA KULINUNUA

Hatumwambii mtu alitupe. Ila tunamwekea masharti, na la kwanza ni hili: usilifungue jiko hilo kwenye boksi kabla ya kutengeneza jiko la ndani. Toboa dirisha. Jenga kibanda cha kupikia kilicho wazi pande mbili, au weka bomba la kutolea moshi. Nunua sigiri za kauri, au gesi kama unaimudu. Hata sigiri bora hutoa hewa ya sumu, kwa hiyo isitumike chumbani kumefungwa. Hayo yakikamilika, hamia uani.

Uani, chagua sakafu tambarare na imara, wazi juu, mbali na paa la nyasi, mapazia na kamba ya nguo. Usiliweke kamwe ndani ya nyumba, wala gereji, wala varanda iliyozibwa. Usilikalishe moja kwa moja juu ya meza ya mbao. Lipe miguu yake, na kibamba cha zege chini ili hewa ipite. Kabla ya kulinyanyua toa vyote vya ndani. Mnyanyue watu wawili au watatu, mkishika ganda la chini, kwenye tundu la hewa na upande wa nyuma chini. Msishike bawaba wala mbao za pembeni, kwani kauri ikianguka imekwisha.

Mioto ya mwanzo iwe midogo, ili gundi ya mkanda wa ukingoni ishike. Tumia mkaa wa vipande, na usimimine petroli wala mafuta ya taa, kwani kauri huyanywa na nyama yako itanuka hayo mafuta. Moto ukiwa mkali usifunue kifuniko ghafla. Kiinue kidogo, subiri, ndipo ukifungue, la sivyo hewa ikiingia kwa kishindo moto hukurukia usoni. Usiuzime kwa maji, kauri itapasuka, funga matundu. Ganda hubaki na joto muda mrefu, hivyo watoto wakae mbali, na majivu yatiwe katika chombo cha chuma.

Sharti la mwisho: lisiwe la kwako peke yako. Ndugu zetu wa Oman, baadhi yao wasemaji wa lugha hii yetu, siku za Idd hupika shuwa katika shimo la moto chini ya ardhi. Mara nyingi shimo moja huwa la familia nyingi. Kila nyumba huleta fungu lake la nyama na kulifukia pamoja na ya wenzake. Jiko la kilo 70 linaweza kufanya vivyo hivyo. Nyumba tano zichange, liwekwe kwa mmoja au uani kwa msikiti, na kila mwenye harusi au akika alitumie. Na Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr (r.a.) aongeze maji katika mchuzi ili awakumbuke majirani zake. Nyama choma haiongezwi maji, lakini inakatika vipande. Harufu yake imevuka ukuta tayari. Nyama nayo ivuke.

NENO KWA WANAFUNZI

Vijana wetu wa vyuoni, mnacheka mkidhani haya ni ya wazee wenye kontena. Ninyi mnapika kwa sigiri ndani ya chumba cha kupanga, na usiku wa baridi baadhi yenu huifungia ndani wakalala. Mkaa uliokwisha kuwa mwekundu, usiotoa moshi hata kidogo, bado hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Humlegeza mtu kwa kichwa kuuma na usingizi, na huua. Sigiri ikae nje mpaka izime kabisa. Anayewapenda wazazi wake asiwarudishie maiti kwa sababu ya chai ya usiku.

Tumeandika kwa ukali, na ukali huo tumeuanza kwetu. Mmoja wetu, wiki iliyofuata Idd ile, alimwita fundi akabomoa nusu ya ukuta wa jikoni kwake. Mkewe alimuuliza kwa nini amechelewa miaka kumi na miwili. Hakuwa na jibu.

Nasi tunawaomba akina baba wote: kabla ya Idd ijayo, kabla ya kuulizia bei ya jiko lolote la uani, ingieni jikoni wakati moto umewaka, mkae hapo mpaka wali uive.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa walio wema kwa watu wa nyumba zao, na awaponye wote waliougua kwa uzembe wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.