Top Gear ilinyimwa subira

Watu wakizungumzia kuporomoka kwa Top Gear, jina la kwanza kutajwa ni Chris Evans, mtangazaji aliyemrithi Jeremy Clarkson. Eti alipiga kelele mno, eti hakuwa Clarkson. Mimi ni fundi wa magari hapa Mwanza, na kipindi hicho cha magari cha BBC nimekipenda miaka mingi. Evans anabebeshwa mzigo usio wake peke yake.

Clarkson alistahili kuondoka. Machi 2015 alimpiga mtayarishaji wake, Oisin Tymon, katika hoteli huko Yorkshire, kisa kukosa chakula cha moto. Kijana anayenishikia spana akipigwa, siulizi kwanza aliyempiga ananiingizia shilingi ngapi. BBC ilimnyima mkataba mpya, nayo ilitenda haki. Watangazaji wenzake, Richard Hammond na James May, wakamfuata Amazon.

Mambo yaliharibikia mbele. Kipindi kilirudi hewani Mei 2016, Evans na Matt LeBlanc wakiongoza kundi kubwa la watangazaji ambao walikuwa bado hawajazoeana. Usiku wa kwanza watazamaji walikuwa milioni 4.4 hivi. Kipindi cha sita wakashuka hadi milioni 1.9, na kesho yake Evans akajiuzulu. Sita tu! Hata Clarkson na wenzake hawakuanza wakiwa kamili: kipindi kilipofufuliwa mwaka 2002, aliyekaa na Clarkson na Hammond alikuwa Jason Dawe, mjuzi wa magari ya mtumba. May aliingia msimu wa pili. Utani wa Clarkson, Hammond na May tulioupenda ulikomaa kwa miaka, barabarani.

Mwaka 2013 walionyesha safari ya kutafuta chanzo cha Mto Nile, wakipita Uganda, Rwanda na hapa kwetu Tanzania, kwa magari makuukuu: BMW, Volvo na Subaru. Pale gereji tuliitazama na kuirudia. Magari yale tunayafungua kila wiki, na tunajua barabara ya vumbi inavyozila springi na shokapu. Lakini kilichotushika hasa ni namna wale watatu walivyojuana. Mmoja akikwama, wenzake walicheka kwanza, halafu ndipo washuke kusukuma. Huwezi kuwaajiri watu leo ukadai wawe hivyo Jumapili ijayo.

Na ilikuwa inawezekana kuanza upya. Mwaka 2019 Chris Harris, ambaye akikata kona anakueleza gari linafanya nini chini yake, aliungana na Paddy McGuinness na mcheza kriketi wa zamani Freddie Flintoff. Walipatana haraka, na mwaka uliofuata kipindi kikahamia BBC One.

Kisha Desemba 2022 Flintoff akaumia vibaya usoni akirekodi kipindi, ndani ya gari la magurudumu matatu kwenye uwanja wa Dunsfold. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mwaka 2006 Hammond aliponea chupuchupu gari lenye injini ya jeti lilipopinduka likiwa kwenye kasi ya zaidi ya kilomita 450 kwa saa. Kipindi kilichokwisha kuona hayo hakikuwa na sababu ya kumweka tena mtangazaji hatarini. Harris mwenyewe alisema baadaye kwamba alikuwa ametoa onyo. Novemba 2023 BBC ikatangaza kukipumzisha kipindi kwa muda usiojulikana.

Wakikirudisha, wamrudishe Harris, wampe wenzake wawili na gari la mtumba kila mmoja, wawapeleke barabara ndefu. Na wawaache wamalize angalau misimu mitatu kabla ya kuwahukumu.