Nyoka wa Shaba na Kuta Tupu za Vyuo Vyetu

Kila tunapotaja sanaa ya wazee wetu katika kanisa au katika chuo cha kanisa, kuna ndugu atakayesimama kutukumbusha Mfalme Hezekia. Mfalme huyo alimvunja nyoka wa shaba kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Habari hiyo imo katika 2 Wafalme 18, na hatuikatai. Lakini ndugu yetu anaanzia mwisho. Nyoka yule alitengenezwa na Musa kwa agizo la Bwana, akainuliwa juu ya mti mahali pa wazi, ili kila aliyeumwa amtazame na kupona. Vizazi vingi vilipita kabla ya Hezekia kushika nyundo. Tatizo lilikuwa uvumba, si shaba.

Sisi wa Murusagamba, hapa mpakani na Burundi, tunajua kuumwa ni nini. Mwishoni mwa Aprili 1994 wilaya yetu ya Ngara ilipokea watu wapatao 250,000 waliovuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24 hivi. Tuligawana nao maji na kuni mpaka milima ikabaki mitupu. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga, na watu walioishi Kagera miaka mingi, wengine wakiwa wameoa na kuolewa kwetu, wakaondoka na kuacha mashamba na watoto. Mambo hayo hayakuishia mpakani. Kijana wa Kihangaza au Kishubi akifika chuo kikuu, matamshi yake yakisikika tu, anaulizwa: "Wewe ni Mrundi?" Anajifunza kunyamaza. Wengine, tunajua, hujibu kwamba wanatoka Bukoba ili mazungumzo yaishe.

Na chuo hicho kina nini cha kumwambia kijana huyo kwamba yuko nyumbani? Tunasema juu ya vyuo vikuu ambavyo makanisa yetu yamevijenga kwa sadaka, mahindi na ndizi za waumini wa vijijini. Kuta zake ni tupu, au zina picha za wakuu wa chuo waliopita, na pengine Yesu mwenye nywele za dhahabu.

Huko Kanada kanisa lilikuwa na deni kubwa kuliko letu. Watoto zaidi ya 150,000 wa wenyeji wa nchi ile walipelekwa katika shule za bweni za serikali zilizoendeshwa na makanisa: Katoliki, Anglikana na mengine. Walikatazwa lugha za mama zao, wengi walipigwa na kuonewa, maelfu walikufa. Mwaka 1993 Askofu Mkuu Michael Peers wa Kanisa Anglikana aliomba radhi kwa wenyeji hao. Lakini maneno husemwa siku moja na upepo ukayachukua. Tarehe 1 Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha British Columbia mjini Vancouver, ilisimamishwa nguzo iliyochongwa na James Hart, chifu na fundi wa kabila la Haida, kutoka mti wa mwerezi wenye umri wa miaka 800 hivi. Katikati ya nguzo imechongwa nyumba ya shule, na watoto. Maelfu kwa maelfu ya misumari ya shaba imepigiliwa humo kwa ajili ya watoto waliokufa, na miongoni mwa waliopigilia walikuwamo watu waliopita katika shule zile. Juu zaidi kuna mtumbwi wa wenyeji na mashua ya wageni, vikielekea upande mmoja. Mwanafunzi akienda darasani anaipita. Hawezi kusema hakujua.

Hayo ndiyo aliyoyafanya Yoshua. Baada ya kuvuka Yordani aliamuru mawe 12 yachukuliwe mtoni na kusimamishwa, ili watoto wakija kuuliza maana yake wapate kujibiwa. Sanaa ya hadharani hulazimisha swali kuulizwa, hata pale wakubwa wangependa lisahaulike.

Tena hatuhitaji kuagiza mwerezi kutoka Kanada. Ng'ambo ya mto Kagera, katika nchi ya kale ya Gisaka, kina mama hutengeneza imigongo. Huchanganya samadi ya ng'ombe na majivu, huinua kwa vidole matuta ya pembe na mistari juu ya ubao, huacha yakauke, huyakwangua na kuyapaka nyeusi, nyeupe na nyekundu. Simulizi humtaja Kakira, mwana wa mfalme wa Gisaka, kuwa mwanzilishi. Mauaji ya kimbari ya 1994 nusura yaizime kazi hiyo. Iliamshwa upya na wanawake wa ushirika karibu na Nyarubuye, mahali ambapo maelfu ya watu waliokimbilia kanisani waliuawa ndani ya kanisa lenyewe. Anayeita samadi hiyo upagani aende kwanza Nyarubuye akaseme ni nini kilichonajisi nyumba ya Mungu.

Wala si jambo geni kwa Wakristo wa Afrika Mashariki. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesoma Makerere, alichora mwaka 1959 kuta za kanisa la Murang'a nchini Kenya. Kanisa hilo lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau, katika nchi ambamo ndugu alimwogopa ndugu. Yesu wake ni Mwafrika, na vilima vinavyomzunguka ni vya Murang'a. Waumini wamesali mbele ya picha hizo miaka yote hii, na hakuna anayezifukizia uvumba.

Wapo watakaosema fedha ziende kwanza kwenye mabweni. Sawa, mabweni yajengwe. Lakini tumeona lango la chuo likijengwa kwa marumaru, na hakuna aliyeuliza habari ya mabweni siku hiyo.

Kitu kimoja hatukitaki: chuo kununua vibao viwili vya imigongo, kuvitundika mapokezi kama hotelini, kisha kupiga picha. Tunataka mafundi waitwe kwa majina na walipwe kama wahadhiri wageni wanavyolipwa. Wawepo Wahangaza, Washubi, na wale walioitwa wakimbizi. Ukuta uwe ule wa njia ya kwenda kanisani na darasani, si wa ukumbi unaofunguliwa siku ya mahafali. Na kabla rangi haijapakwa, viongozi wa kanisa wasimame mbele ya wanafunzi na kusema tulikuwa wapi mwaka 2013, majirani zetu walipokuwa wakifunga mizigo. Tumeanza kukusanya majina ya kina mama wanaoijua kazi hii. Chuo kitakachokuwa tayari kitupatie ukuta.