MCHORO UWE MALI YA USHIRIKA

Ndugu wanaushirika,

Maneno yamekuwa mengi juu ya kompyuta ya karakana. Wengine wanataka tulipie programu ya kuchorea inayojulikana mjini. Wengine wanasema zipo za bure, tuchukue hizo. Sisi wa Kamati ya Karakana tunaweka msimamo wetu hapa ubaoni, kila mtu ausome kabla ya kupiga kura.

Kwanza tuelewane. Fundi akitaka kutengeneza kipuri cha plau, huchora kwa chaki sakafuni au kwa penseli kwenye boksi. Chaki ikifutika, na vipimo vimekwenda. Kwa kompyuta mchoro unapimwa kwa milimita, unageuzwa huku na huku kabla chuma hakijakatwa, kisha unahifadhiwa. Kipuri kikivunjika tena mwakani, mchoro upo.

Programu ya kulipia inayojulikana sana ni AutoCAD, ya kampuni ya Autodesk ya Marekani, iliyotoka mwaka 1982. Ni nzuri, hatuitukani. Lakini tangu mwaka 2016 kampuni hiyo imeacha kuuza leseni mpya za kudumu. Sasa ni kukodi tu. Mwaka 2024 kodi yake huko Marekani ilikuwa takriban dola 2,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka, yaani karibu shilingi milioni 5. Usipolipa, programu inafungwa. Michoro unabaki nayo, lakini chombo cha kuirekebishia umenyang'anywa. Hivi kweli jamani, tulime, tuvune, tuuze mahindi, ili tulipie ruhusa ya kurekebisha mchoro wetu wenyewe?

Eti wapo wanaosema tutafute nakala ya wizi. Hapana. Ni kosa kisheria, na nakala hizo mara nyingi huja na virusi. Ushirika hauanzi kazi kwa kuiba.

Upande wa pili zipo programu huria. FreeCAD ilitoka mara ya kwanza mwaka 2002, na toleo lake la 1.0 likatoka Novemba 2024. Wanaoijenga wako nchi nyingi, na wengi wao wanajitolea. Inachora kitu kizima, na unene wake na matundu yake. Nyingine, LibreCAD, ni ya michoro bapa, kwa mfano ramani ya ghala.

Huria si bure tu. Namna programu ilivyotengenezwa iko wazi, anayejua anaweza kuirekebisha, na kila mtu anaruhusiwa kuinakili kwenye flashi akampa jirani. Ni kama mbegu ya kienyeji: unapanda, unavuna, unaweka ya mwakani. Ile ya kukodi ni kama mahindi chotara: kila msimu urudi dukani.

Jambo hili si geni Afrika. Pampu ya mkono ya Afridev ilibuniwa miaka ya 1980, kazi iliyoanzia Malawi ikaendelezwa Kenya. Michoro yake ikaachwa iwe mali ya umma, hivyo karakana yenye uwezo haihitaji kumlipa mtu ili kuitengeneza. Leo inatumika nchi nyingi.

Na hapa Ufipa tunalo funzo letu. Wazee waliyeyusha chuma kwa malungu, yale matanuru ya udongo yenye urefu wa karibu mita 3. Ujuzi ulikaa kwa mafundi wachache pamoja na miiko yake. Chuma cha ng'ambo kilipojaa, kazi ikafa, na mafundi wakaondoka na mengi. Malungu mengine yamesimama mpaka leo, ila hayatoi chuma. Ujuzi ukifungiwa, uwe kwa mtu au kwa kampuni, siku moja mlango hautafunguka.

Hatufichi ugumu. FreeCAD inataka uvumilivu kujifunza, na maelekezo yake mengi ni ya Kiingereza. Faili za DWG za AutoCAD hazifunguki vizuri kila mara. Tukiletewa mchoro kutoka mjini, tuombe wa DXF. Na kijana anayetafuta ajira mjini ajifunze AutoCAD pia, maana wasanifu na wahandisi wengi wanaitumia. Wanafunzi hupewa bure kwa masomo, ila si kwa kazi ya biashara.

Kwa hiyo tunapendekeza:

1. Karakana itumie FreeCAD na LibreCAD.
2. Fedha ambazo zingelipa kodi ya programu zinunue chuma, na zigharimie mafunzo ya vijana wawili, msichana na mvulana.
3. Kila mchoro utunzwe nakala mbili, moja kwenye flashi katika kabati la ushirika na moja ya karatasi, ili hata umeme ukikatika fundi aone vipimo.

Mtegemea cha ndugu hufa maskini. Asiyekubaliana nasi aje mkutanoni na hoja yake, tutamsikiliza. Kubaki nyumbani halafu kulalamika kilabuni, hiyo siyo njia ya ushirika.

Kamati ya Karakana,
Katandala