Motokaa Kuukuu ya Mbio: Iwekwe Hata Lini?

Bwana Mhariri,

Naomba unipe nafasi kidogo katika gazeti letu, nami niwaeleze wanachama wenzangu maoni yangu juu ya jambo ambalo twalizungumza sana barazani baada ya kazi, walakini hatujaliandika. Jambo lenyewe ni hili: mtumishi mwenye motokaa kuukuu, na hasa ile iliyofanywa kwa mbio, aiweke hata lini? Wako wasemao kwamba motokaa ikipita miaka fulani na iuzwe, hata kama ni nzima. Wako na wengine wasemao kwamba isiuzwe kamwe, maadamu injini yawaka. Mimi naona pande zote mbili zimekosea. Na kosa la hawa wa pili nalijua vema, maana nimelitenda mwenyewe.

Ni haki msomaji ajue nasema haya kutoka wapi. Nalipokuwa karani Iringa mjini nalinunua Celica, motokaa ya milango miwili, iliyotoka kiwandani Ujapani mwaka 2001. Bei yake ilikuwa shilingi 9,000,000, nazo nalizipata kwa mkopo wa chama cha akiba. Sitaficha kwamba nalinunua jina pamoja na chuma. Tangu utoto wangu mjomba alikuwa akinihadithia habari za mashindano ya Safari: jinsi motokaa za jina hilo zilivyoshinda mwaka 1984, 1985 na 1986, zikashinda tena mwaka 1990, na tangu 1992 hata 1995 kila mwaka, na jinsi Ian Duncan wa Kenya alivyoshinda na mojawapo mwaka 1994. Basi mimi nikipanda kilima cha Ipogolo jioni, vioo vimeshushwa, nalijiona ni mmoja wao. Kwa miaka miwili, juu ya lami ya mjini, motokaa ile haikunidai ila petroli na oili.

Kisha ikaja barua ya uhamisho, nikaletwa Idodi. Wasioijua nchi hii wajue ya kwamba Idodi iko chini, magharibi ya Iringa, katika njia iendayo hifadhi ya Ruaha. Ukitoka mjini wapita Kalenga, kisha wauacha ubaridi wa milimani nyuma yako na kushuka penye joto na mashamba ya mpunga. Njia hiyo kwa miaka mingi ilisifika kwa vumbi lake wakati wa kiangazi na kwa matope yake wakati wa mvua. Motokaa ya mbio imefanywa tumbo lake liwe karibu na lami ili isiyumbe penye kona. Springi zake ni ngumu na mipira yake ni myembamba. Sifa hizo zote huku ziligeuka kuwa maradhi. Kwa hiyo ubovu wote nitakaoutaja hapa chini si wa kiwanda. Ni wangu mimi, niliyeileta mahali isipoumbiwa.

Sasa tuitazame hoja ya wale wahesabuo miaka tu. Serikali nazo huhesabu miaka. Kenya haipokei motokaa iliyotumika ikiwa imepita miaka 8 tangu kutengenezwa. Kwetu Tanzania hupokewa, lakini hutozwa ushuru wa ziada kwa ajili ya uchakavu. Kipimo hiki chamfaa afisa wa forodha, kwa maana yeye hana njia ya kujua kila motokaa ilitunzwaje. Bali mwenye motokaa ajua, au yampasa ajue. Mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant waliishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kutumika katika mashindano kabla haijawafikia wao. Na tangu mwaka 2003 yako mashindano ya motokaa za zamani peke yake, ambazo hukimbia katika njia za vumbi za Afrika ya Mashariki. Miaka, basi, haiui motokaa peke yake. Lakini tukumbuke pia kwamba nyuma ya kila motokaa ya mashindano hufuata mafundi na gari lililojaa spea. Nyuma yangu mimi hufuata mshahara mmoja.

Tena upo umri mwingine ambao haumo katika kadi ya motokaa, nao ni umri wa mpira. Tazama ubavuni mwa gurudumu utaona tarakimu nne. Zikiwa 2314, maana yake mpira ule ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2014. Na mpira wa zamani hupasuka hata kama meno yake bado ni marefu. Ndivyo ilivyo kwa bushi, mikanda na mabomba ya maji. Mafuta ya breki nayo huvuta unyevu wa hewa, na yasipobadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi huweza kuchemka mtu akishuka mlima mrefu, breki zikamkataa. Kwa hiyo motokaa iliyolala chini ya mwembe haipumziki, yazeeka. Zamani palikuwa na jambo moja lililomwamsha mwenye motokaa iliyolala: ada ya leseni ya kila mwaka. Mwaka 2017 ada hiyo iliondolewa na kutiwa katika bei ya mafuta. Wengi tulifurahi, nami pia nalifurahi. Lakini tangu hapo motokaa yaweza kuoza uani mwa mtumishi pasipo mtu yeyote kumwuliza habari yake. Haina budi sasa mwenyewe ajiulize.

Naye atajiulizaje? Padre aliyetufundisha hesabu shuleni alikuwa akipenda kutukumbusha kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi, karani, ambaye mchana kutwa naandika hesabu za serikali, sikuwa na daftari la motokaa yangu mwenyewe! Nalipoanza kuliandika, katika mwaka wa pili wa kukaa Idodi, nalikuta ya kwamba katika miezi 12 nimetumia shilingi 2,340,000 kwa mipira minne, shokapu, bushi, rejeta na ujira wa fundi. Nikamwuliza mnunuzi wa mjini, akasema atanipa 4,000,000, na mwaka ujao huenda isizidi 3,200,000. Basi kuiweka mwaka mmoja zaidi kwanigharimu kama 3,140,000, kabla sijatia petroli wala kulipa bima. Nami kwenda Iringa huwa mara mbili kwa mwezi. Nauli ya basi ya mwaka mzima haifiki robo ya fedha hizo. Iko kanuni ya kulinda theluthi ya mshahara wa mtumishi isiliwe na makato. Kanuni hiyo humzuia mkopeshaji, haimzuii fundi.

Je, nikaiuza? La. Na hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Kila nilipotaka kuiuza, moyo uliniambia: "Umekwisha kuitilia mamilioni, ukiiuza sasa, fedha hizo zote zimepotea." Nikaitilia mengine ili kuyaokoa yale ya kwanza. Ndugu zangu, maji yakimwagika hayazoleki. Fedha niliyompa fundi mwaka jana imekwisha kwenda, niiuze motokaa au nisiiuze. Haifai kuitwa shahidi katika shauri la kesho. Mashahidi ni wawili tu: gharama ya kuiweka tangu leo, na kazi itakayoifanya tangu leo. Nalilijua hilo kwa akili, walakini sikulitenda, hata usiku mmoja wa mwezi wa Februari.

Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha tangu alasiri. Yapata saa nne jirani yangu alibisha hodi, amelowa. Akaniambia, "Kaka karani, mama watoto uchungu umemshika tangu asubuhi, na mganga asema apelekwe Iringa sasa hivi. Motokaa ipo?" Katika mtaa wetu motokaa ilikuwa yangu peke yake. Naliiwasha, ikawaka kwa sauti ile niipendayo. Twalimlaza yule mama kwa taabu katika kiti cha nyuma, ambacho hakikufanywa kwa mtu mzima kulala. Hatukufika mbali. Penye korongo la kwanza maji hayakuwa mengi, yangefika magotini tu. Lakini tumbo la motokaa lilikaa juu ya mchanga, magurudumu yakazunguka bure, injini ikanyamaza.

Yule baba hakunilaumu. Alisema tu, "Haidhuru, kaka," akakimbia gizani kutafuta msaada. Nami nalibaki nimemshikia mkewe taa kwa muda nisioweza kuupima. Aliyetuokoa ni mfanya biashara wa mpunga, aliyekuja na pikapu yake, ambayo ni kuukuu kuliko motokaa yangu kwa miaka 10 au zaidi. Ilipita korongo lile kama ng'ombe apitavyo malishoni. Mtoto alizaliwa salama karibu na alfajiri, lakini si kwa msaada wangu.

Siku ya pili, tulipokuwa tukiivuta Celica, ndipo nilipofahamu vizuri. Pikapu ile ni kuukuu zaidi, na mwenyewe hana sababu ya kuiuza, kwa kuwa kila siku yafanya kazi iliyonunuliwa kwayo. Yangu ni changa kuliko hiyo, nami sina sababu ya kuiweka. Basi swali si miaka mingapi. Swali ni hili: je, motokaa yako yaitosha kazi ya mahali ulipo, kwa gharama unayoweza kuilipa, pasipo kumhatarisha mtu?

Nisije nikaeleweka kwamba nawashauri watu kukimbilia vipya. Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Namjua mtumishi mmoja aliyeuza motokaa yake ya miaka 15, nzima kabisa, kwa sababu alionea haya rangi yake, akakopa kununua nyingine. Sasa makato yamemfunga kwa miaka mingi, na hiyo nyingine yamfikisha ofisini pale pale ilipomfikisha ile ya kwanza. Motokaa kuukuu isiyo na deni, iliyotunzwa, ambayo thamani yake imekwisha kushuka na haishuki tena kwa kasi, ni mali njema. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Wala sikatai kwamba motokaa ya mbio humpa mtu furaha, na furaha nayo ina bei yake halali. Ila bei hiyo na iandikwe daftarini kwa jina lake, isijifiche chini ya jina la usafiri.

Kwa hiyo natoa shauri langu kwa wanachama, nalo ni la mambo matatu. La kwanza, mtumishi asiweke mwisho wa motokaa yake siku ile iharibikapo, kwa maana siku hiyo atakuwa na hasira au huruma. Auweke wakati inapokwenda vizuri, kwa maandishi: fedha za matengenezo zikipita kiasi fulani kwa mwaka, au breki, usukani na bodi vikifika hali ambayo fundi mwaminifu hawezi kuvithibitisha, basi iuzwe. La pili, karatasi hiyo ampe mwenzi wake wa nyumbani aitunze, kwa kuwa mpenda motokaa huweza kulisamehe neno lake mwenyewe, bali mwenziwe hamsamehei. La tatu, sisi watumishi tu watu wa kuhamishwa. Barua ya uhamisho ikifika, shauri la motokaa na lifunguliwe upya siku ile ile, pamoja na shauri la nyumba na shule ya watoto. Kama ningalifanya hivyo siku ya kuhama Iringa, ningaliiuza ikiwa nzuri, na mama yule asingalikaa korongoni.

Na auzaye, na auze kwa haki. Amwambie mnunuzi ubovu wote anaoujua, hasa wa breki, maana atakayeketi ndani ni mtu. Tena asimkabidhi ufunguo tu. Ahakikishe jina katika kadi limebadilishwa, asije akadaiwa makosa ya barabarani ya mtu mwingine.

Mimi nimekwisha kuandika karatasi yangu, nayo iko mikononi mwa mke wangu. Imeandikwa kwamba Celica itauzwa kabla ya mvua za Desemba, mjini, kwa mtu wa lami, ambaye itamfaa kama ilivyonifaa mimi zamani. Fedha zitamaliza mkopo, na zitakazobaki zitanunua pikipiki. Nasema haya mbele yenu makusudi, Bwana Mhariri. Jioni ya jana naliifuta vumbi, nikaiwasha, ikalia vizuri mno, nikaanza kutafuta sababu. Basi wanachama wakiniona baada ya Desemba bado naiendesha, nawapa ruhusa waniulize hadharani.

Wasalaam,

Ndimi mwanachama mwenzenu,
KARANI WA IDODI