Tusitie Mkono Mdomoni mwa Mbwa

Hapa Itiryo mbwa hulinda boma na paka hulinda ghala, lakini nani huwatazama meno? Mbwa mzima ana meno 42, paka 30. Ukoga ukiganda, fizi huvimba, mdomo hunuka na mnyama hushindwa kula. Tusiwatupie mifupa iliyopikwa, maana hupasuka na kuchoma fizi.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, chanjo itangulie meno. Mbwa akitoka udenda na kushindwa kufunga taya, wengi hudhani amekwamwa na mfupa, wakamtia mkono mdomoni. Huenda ni kichaa cha mbwa! Ugonjwa huo huambukizwa kwa mate, na hukadiriwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka. Dalili zikishaonekana kwa mtu, ni nadra mno kupona. Basi asiguswe, aitwe mtu mzima na afisa mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Ndugu zangu, huruma bila elimu ni hatari. Leo ukifika nyumbani, muulize baba: mbwa wetu amechanjwa?