Msimamizi Mmoja Akiharibika, Dawa Nyingi Hushindwa

Wengi wetu tunadhani kwamba bakteria akiizoea dawa moja tutabadili dawa nyingine, na mambo yatakwisha. Mimi nasema wazo hilo linatudanganya. Naomba tuelezane kwa nini.

Bakteria ana jeni, yaani maagizo ya urithi yanayomwambia atengeneze nini. Lakini si maagizo yote yanayofuatwa kila wakati. Ziko jeni za usimamizi, ambazo kazi yake ni kuziruhusu nyingine zifanye kazi au kuzizuia. Wafaransa François Jacob na Jacques Monod walieleza utaratibu huu mwaka 1961, na mwaka 1965 walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel.

Tumtazame bakteria aitwaye Escherichia coli. Anaishi matumboni mwetu, na akiingia katika njia ya mkojo huleta ugonjwa. Mwilini mwake ana pampu ndogo sana zinazotupa nje sumu, pamoja na dawa zetu. Kwa kawaida pampu hizo huwa chache, kwa sababu jeni ya usimamizi iitwayo marR huzuia zisizidi. Lakini bakteria huzaliana kwa mamilioni, na mara moja moja huzaliwa mmoja ambaye jeni hiyo ina kasoro. Hapo pampu huongezeka, na vijitundu ambavyo dawa huingilia hupungua. Hakupata silaha mpya. Amefunguliwa ghala ya zile alizokuwa nazo.

Mwaka 1983, huko Boston, Marekani, watafiti A. M. George na Stuart Levy walieleza kwamba E. coli waliooteshwa penye tetrasaiklini kidogo walitokea kuwa sugu hata kwa kloramfeniko na dawa nyingine ambazo hawakuwa wamekutana nazo. Usugu wa namna hii mara nyingi huanza kidogo, lakini humpa bakteria nafasi ya kuishi hadi apate kasoro nyingine kubwa zaidi.

Tuelewane: si dawa inayoleta kasoro hiyo. Dawa kidogo huwaua wenzake dhaifu, yeye akaachiwa shamba zima.

Kwa hiyo anayenunua vidonge viwili vya tetrasaiklini kutibu mafua anapata hasara mara mbili. Mafua huletwa na virusi, ambavyo dawa hiyo haiviui. Na huenda anaharibu dawa tatu kwa kutumia moja.

Najua wengine watasema, “Sista, pesa ya dozi nzima hatuna.” Ni kweli, umaskini upo. Lakini nusu dozi si nafuu. Heri ndugu na majirani wachangie dozi moja iliyo kamili. Wauza dawa nao waache kuuza antibiotiki kwa vidonge viwili viwili. Na sisi wahudumu, ugonjwa wa mkojo unaporudi, tusikimbilie kubadili dawa. Penye maabara, mkojo uoteshwe kwanza.